Bloku ya Nta na Uvimbe wa Taya: Upimaji wa Vinasaba katika Saratani Zenye Undugu na Leukemia

Utangulizi

Mtoto wa miaka sita analetwa katika kituo cha afya cha kijiji kama Murangi, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria wilayani Musoma. Shavu limevimba na meno mawili ya upande huo yamelegea. Hana homa kali, wala halii kwa maumivu. Wazo la kwanza kwa wengi ni jipu la jino. Jino hung'olewa, dawa za vijiumbe hutolewa, na familia hurudi nyumbani. Baada ya wiki moja uvimbe umeongezeka maradufu, na jicho la upande huo limeanza kusukumwa nje.

Mfano huu ni wa kufundishia, lakini dalili zake zinajulikana vema kwa wahudumu wa afya wa Kanda ya Ziwa. Uvimbe wa namna hii unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, ambayo ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Mara chache zaidi unaweza kuwa sarkoma ya mieloidi, yaani leukemia kali iliyojikusanya na kuwa uvimbe badala ya kuonekana kwanza katika damu. Kwa macho magonjwa haya mawili huweza kufanana. Kwa matibabu hayafanani hata kidogo.

Kinachoyatenganisha ni kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, kikahifadhiwa katika fomalini, kisha kikazamishwa ndani ya nta. Makala haya yanaeleza vipimo vya vinasaba vinavyofanywa kwenye kipande hicho, na kwa nini ubora wa majibu huamuliwa mapema sana, katika saa chache za kwanza baada ya kisu kupita. Mashine ya gharama kubwa iliyopo mjini haiwezi kurudisha kilichoharibika ndani ya chupa kijijini.

Uvimbe wa aina mbili, jirani wa leukemia

Limfoma ya Burkitt na leukemia ni ndugu wa karibu. Seli zilezile za Burkitt zinapojaza uboho wa mifupa na kuingia katika damu, ugonjwa huitwa leukemia ya Burkitt. Jina hubadilika kwa sababu ya mahali ugonjwa ulipo, ilhali seli ni ileile. Katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana kuliko wasichana, na hupenda taya, eneo la jicho na tumbo. Kasi yake ni ya kutisha: uvimbe huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili.

Sarkoma ya mieloidi ni nadra zaidi. Seli zake hutoka katika ukoo mwingine wa chembe za damu, ule unaozaa chembe za kupambana na bakteria. Zamani iliitwa kloroma, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kijani, kwa kuwa uvimbe uliopasuliwa mara nyingine huonekana na rangi hiyo. Mwaka 1965 J.N.P. Davies na R. Owor waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watoto wa Uganda waliopatwa na kloroma, hivyo ugonjwa huu si mgeni katika ukanda wa ziwa. Kwa watoto hupenda kukaa nyuma ya jicho, mahali ambapo Burkitt nayo hukaa. Jambo la hatari ni kwamba uvimbe huweza kutangulia leukemia yenyewe kwa wiki au miezi. Kipimo cha picha ya damu kilicho cha kawaida, kwa hiyo, hakitoshi kuuondoa katika orodha ya magonjwa yanayoshukiwa.

Burkitt hutibiwa kwa dawa kama siklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati. Sarkoma ya mieloidi hutibiwa kama leukemia kali ya mieloidi, kwa saitarabini pamoja na dawa za kundi la daunorubisini, matibabu yanayohitaji ulinzi mkubwa dhidi ya maambukizi na upungufu wa damu. Mtoto aliyepewa dawa za ugonjwa mmoja kwa kudhaniwa ana mwingine hupoteza siku ambazo hana.

Mara katika historia ya ugonjwa huu

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwona mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote za taya. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakipita hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati kuuliza wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua, na hatimaye ikaeleweka kuwa inafuata malaria.

Mkoa wa Mara una nafasi yake katika historia hiyo. Wagonjwa wa Burkitt waliopatikana Mara Kaskazini kati ya mwaka 1964 na 1970 walichunguzwa ili kuona kama walitokea kwa makundi ya mahali na wakati. Baadaye, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, dawa ya klorokwini iligawiwa kwa watoto wadogo katika eneo hilo, ambalo leo ni wilaya za Tarime na Rorya, ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza Burkitt. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza hata kabla ya dawa kugawiwa, hivyo jaribio halikuweza kutoa jibu la mwisho. Katika muongo wa 2010 familia za Mara zilishiriki tena katika utafiti mkubwa wa Burkitt uliohusisha Tanzania, Kenya na Uganda.

Utafiti wa namna hiyo husimama juu ya swali moja: je, mtoto aliyehesabiwa kuwa na Burkitt alikuwa nayo kweli? Jibu hutoka katika kinyama.

Ndege iliyochelewa, na somo lake

Virusi vinavyohusishwa na Burkitt viligunduliwa kwa kinyama kilichosafiri. Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London mwaka 1961, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa kuwa bakteria wameingia. Darubini ilionyesha kitu kingine: seli hai za uvimbe zilikuwa zikielea. Kutokana na seli hizo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi wakavitangaza mwaka 1964, navyo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr hadi leo.

Kipande kile kisingezaa seli hai kama kingewekwa katika fomalini, kwa sababu fomalini huua. Kwa upande mwingine, kipande kisichowekwa katika fomalini hakidumu kwenye joto la Musoma hata siku moja. Somo ni kwamba namna ya kuhifadhi kinyama hutegemea swali litakaloulizwa. Hospitali nyingi hazina nitrojeni ya maji wala jokofu la baridi kali. Kwa hizo, fomalini na nta ndiyo njia inayowezekana, na ni njia nzuri ikifuatwa sawasawa. Bloku ya nta huweza kukaa kabatini kwa miaka mingi na bado ikajibu swali ambalo siku ya upasuaji halikuwa limebuniwa.

Kinachotokea ndani ya fomalini

Fomalini hufunga protini za seli zisioze, kama anayeshona vipande vya nguo visisogee. Mshono huohuo huzifunga pia nyuzi za vinasaba. Kadiri kinyama kinavyokaa humo, ndivyo mishono inavyoongezeka na nyuzi zinavyokatika kuwa vipande vifupi. Aidha, baadhi ya herufi za vinasaba hubadilika, hasa C husomeka kama T, na maabara isiyo makini huweza kuyaita mabadiliko hayo ugonjwa. Kwa sababu hiyo vipimo vya bloku hubuniwa kusoma vipande vifupi, na mabadiliko yanayotia shaka hurudiwa kupimwa.

Baada ya fomalini, kinyama hukaushwa maji kwa alkoholi, hupitishwa katika kiyeyusho, kisha huzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, hiyo ndiyo bloku. Hukatwa vipande vyembamba vya unene wa sehemu tatu au nne za elfu moja za milimita, na kila kipande huwekwa juu ya kioo. Bloku moja huweza kutoa slaidi nyingi, lakini si bila kikomo. Kila kipimo kisicho na sababu hula sehemu ya akiba ya mgonjwa.

Maswali matatu yanayoulizwa kwa bloku

Swali la kwanza ni umbo na ukoo wa seli. Mpatholojia hutazama slaidi iliyotiwa rangi za kawaida, kisha hutumia kingamwili zinazotambua protini za seli. Seli za Burkitt huonyesha alama za CD20 na CD10, na karibu zote huwa katika hali ya kugawanyika. Sarkoma ya mieloidi haionyeshi CD20 kwa kawaida. Mara nyingi huonyesha mieloperoksidesi. Hatua hii si kipimo cha vinasaba, lakini ndiyo inayoelekeza kipimo kipi cha vinasaba kiombwe.

Swali la pili ni virusi. Kipimo kiitwacho EBER hutafuta alama za kijeni za virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli za uvimbe. Karibu Burkitt zote za ukanda wa malaria huwa na alama hizo. Ikumbukwe kuwa kuwa na virusi hivi katika damu si ugonjwa, kwani watoto wengi wa Afrika ya Mashariki huvipata wakiwa wadogo bila madhara. Jambo lenye maana ni kuvikuta ndani ya seli za uvimbe wenyewe.

Swali la tatu ni kromosomu. Mwaka 1976 ilibainika kuwa katika Burkitt kromosomu namba 8 na namba 14 hubadilishana vipande, na mwaka 1982 jeni iliyohamishwa ikajulikana kuwa ni MYC. Jeni hiyo huamuru seli kugawanyika. Ikihamia mahali ambapo seli hutengenezea kingamwili, huachwa ikiwa wazi muda wote, kama bomba lisilo na koki. Katika wagonjwa wachache MYC huenda kwenye kromosomu namba 2 au 22. Katika leukemia ya mieloidi yenye uvimbe wa jicho kwa watoto, badiliko linalotafutwa sana ni la kromosomu namba 8 na namba 21. Hivyo namba 8 huonekana katika magonjwa yote mawili, na namba ya pili ndiyo inayotenganisha. Fomu ya majibu isomwe hadi mwisho: 8;14 na 8;21 si kitu kimoja.

Kipimo cha FISH hutumia vipande vya vinasaba vyenye rangi mbili zinazong'aa, vinavyoshika pande mbili za jeni. Jeni ikiwa nzima rangi huonekana zimeshikana. Ikiwa imekatika huonekana mbalimbali. Kwa kuwa kipimo hiki hufanywa ndani ya seli yenyewe, hakihitaji nyuzi ndefu zilizotolewa nje. Hata hivyo, katika Burkitt ya ukanda wetu mahali pa kukatika huweza kuwa mbali na MYC, hivyo jibu la "haikuonekana" halifuti utambuzi ikiwa umbo la seli, protini na virusi vyote vinaelekeza kwenye Burkitt.

Saa za kwanza: wajibu wa aliyekata kinyama

Makosa mengi yanayoharibu vinasaba hayatokei maabara. Anayekata kinyama, awe katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, azingatie yafuatayo.

1. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bufa. Fomalini isiyo na bufa hugeuka asidi ikikaa, na asidi hukata vinasaba.

2. Kinyama kiingie katika fomalini mara tu baada ya kukatwa. Maji ya chumvi hayahifadhi. Kinyama huanza kuoza humo.

3. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kipande kinene kikatwe ili kisizidi milimita tano, kwa kuwa fomalini huingia polepole na katikati huoza kabla ya kufikiwa.

4. Chupa iwe na mdomo mpana. Kinyama huingia kikiwa laini na kutoka kikiwa kigumu. Kilichosukumwa katika chupa ya mdomo mwembamba hutolewa kwa kukatwakatwa.

5. Muda katika fomalini uwe kati ya saa 6 na 48, usizidi 72. Tarehe na saa ya kuweka viandikwe kwenye chupa na kwenye fomu. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, hivyo sampuli iliyokatwa Ijumaa ikasubiri gari la Jumatatu imekwisha kumaliza muda wake njiani.

6. Kipande chenye mfupa wa taya au uboho kielezwe wazi kwenye fomu. Asidi kali za kulainisha mfupa huharibu vinasaba. Maabara ikijua mapema hutumia EDTA, ambayo ni ya polepole lakini ni salama.

7. Kinyama kitoke sehemu hai ya uvimbe. Katikati ya uvimbe unaokua haraka mara nyingi seli zimekufa, na seli zilizokufa hazina jibu.

8. Fomu ieleze umri, mahali pa uvimbe, muda wa ugonjwa na majibu ya picha ya damu. Neno "uvimbe" peke yake halimsaidii mpatholojia.

Kusubiri au kuanza tiba

Kipimo cha vinasaba huthibitisha. Hakipaswi kuwa kizuizi. Palipo na dalili za Burkitt, umbo la seli na protini zinazoafikiana nazo, tiba huanza bila kusubiri majibu ya kromosomu yanayoweza kuchukua wiki. Mtoto hupewa maji ya kutosha kwa mshipa pamoja na alopurinoli kabla ya dawa za saratani, kwa kuwa uvimbe unaoyeyuka ghafla huweza kuziba figo. Majibu ya vinasaba yakija baadaye hufanya kazi nyingine: huthibitisha njia iliyochukuliwa, au humwamsha daktari kuibadili mapema.

Palipo na shaka, hasa uvimbe wa nyuma ya jicho usio na alama za CD20, ni bora siku mbili zitumike kupima mieloperoksidesi na kuchunguza uboho kuliko kuanza dawa zisizofaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando mjini Mwanza ndiyo inayopokea wagonjwa wa saratani kutoka Mara na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa. Simu ya daktari wa wilaya kwenda huko kabla ya kukata kinyama huokoa muda kuliko barua inayofuata baadaye.

Watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakichunguza pia uwezekano wa kusoma vinasaba vya uvimbe na vya virusi katika damu ya mshipa, ili watoto wenye limfoma watambuliwe mapema. Hadi njia hiyo itakapokuwa ya kawaida, kinyama kilichohifadhiwa vizuri kitabaki kuwa shahidi mkuu.

Kwa mzazi na mgonjwa

Wazazi wengi wakisikia neno vinasaba huuliza kama ugonjwa umetoka kwa mama au kwa baba. Mabadiliko yaliyoelezwa hapa hutokea ndani ya seli za uvimbe wakati wa maisha ya mtoto. Kwa kawaida hayarithiwi, hayaambukizwi kwa ndugu zake, na hayatokani na kosa la mama, laana wala jino lililong'olewa. Hakuna sababu ya kumlaumu mtu katika ukoo.

Mzazi ana haki ya kuuliza kinyama kimepelekwa maabara gani, kina namba gani, na majibu yanatarajiwa lini. Namba hiyo aiandike na kuihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto akipewa rufaa, mzazi aulize kama bloku au slaidi zinapaswa kwenda pamoja naye. Akikabidhiwa bloku, aiweke mahali pakavu penye ubaridi, mbali na jua, jiko na kioo cha mbele cha gari, kwa maana nta hulainika kwa joto. Akihitaji maoni ya daktari mwingine, bloku ileile inaweza kupimwa tena, na mara nyingi mtoto hatakatwa mara ya pili.

Jambo kubwa kuliko yote ni muda. Shavu linalovimba kwa siku chache, meno yanayolegea kwa mtoto asiyefikia umri wa kuyabadili, jicho linalosukumwa nje, au tumbo linalokua haraka si mambo ya kungojea mwisho wa mwezi. Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri zaidi. Tangu siku za Burkitt mwenyewe wapo watoto waliopona na kukua.

Hitimisho

Upimaji wa vinasaba huanza kwa tabibu anayetilia shaka jipu lisilo na homa, na kwa muuguzi anayepima fomalini, kuchagua chupa na kuandika saa. Kazi hiyo ndogo ikifanywa vema, bloku huweza kuulizwa leo na hata baada ya miaka kumi. Ikifanywa vibaya, hakuna maabara duniani itakayoirekebisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini picha ya damu iliyo ya kawaida haiondoi uwezekano wa sarkoma ya mieloidi?

2. Taja mambo mawili yanayoharibu vinasaba katika kinyama kabla hakijafika maabara.

3. Majibu ya bloku yanaonyesha mabadilishano ya kromosomu namba 8 na 21. Je, mtoto huyu atibiwe kama mgonjwa wa Burkitt? Eleza sababu.

4. Mzazi anauliza kama wadogo zake mgonjwa wanapaswa kupimwa vinasaba. Atajibiwaje?

Majibu: (1) Uvimbe huweza kutangulia leukemia katika damu kwa wiki au miezi. (2) Yoyote kati ya haya: fomalini iliyogeuka asidi, kuchelewa kuingizwa katika fomalini, kukaa humo kupita kiasi, au asidi ya kulainisha mfupa. (3) La, mabadilishano hayo ni ya leukemia ya mieloidi, na dawa zake ni nyingine. (4) Hapana haja, kwa kuwa badiliko limo ndani ya seli za uvimbe wa mtoto huyo peke yake.